Mita Moja Mbele ya Duka: Miaka Mia ya Vibali vya Kuuzia Barabarani Dar es Salaam

Katika Mtaa wa Kongo, Kariakoo, kipande kimoja cha ardhi kina wadai watatu. Mwenye duka anasema analipa pango, leseni na kodi, kwa hiyo mbele ya mlango wake pawe wazi ili mteja aone bidhaa na aingie. Mchuuzi aliyetandika turubai hapo mlangoni anasema mteja hupita njia hii, na hakuna atakayepanda ghorofa ya tatu kumfuata muuza soksi. Halmashauri inawajibu wote wawili kwamba pale si pa mwenye duka wala pa mchuuzi: ni njia ya watembea kwa miguu, imo ndani ya hifadhi ya barabara. Yupo na wa nne, mpita njia mwenyewe, anayelazimika kushuka barabarani na kukwepana na bodaboda na mikokoteni. Huyu hana chama wala msemaji, na mara nyingi ndiye huyohuyo anayesimama kununua soksi.

Ugomvi huo hudhaniwa kuwa wa juzi, uliokuja na wingi wa vijana na bidhaa kutoka China. Ukweli ni kwamba umri wake unakaribia ule wa jiji lenyewe, na tawala zote zilizopita Dar es Salaam zimejaribu kuumaliza kwa karatasi: leseni, kitambulisho, kibali, tangazo. Ukizipanga karatasi hizo kwa miaka yake utaona zinafanana kwa jambo moja. Karibu zote zinauliza mfanyabiashara ni nani. Ni chache mno zilizouliza anaruhusiwa kukaa wapi, achukue nafasi kiasi gani, na kwa masharti gani anaweza kuondolewa.

Kanda tatu na baraza la Mhindi

Wajerumani walipohamishia makao yao makuu Dar es Salaam mwaka 1891, walitoa kanuni ya ujenzi iliyoligawa eneo kwa aina ya nyumba. Karibu na bahari paliruhusiwa majengo ya Kizungu tu. Nyuma yake yakaja majengo ya mawe ya biashara. Mbali zaidi, nyumba za udongo na makuti. Kanuni haikuhitaji kutaja rangi ya mtu, maana gharama ya nyumba ilitosha kuwatenga. Waingereza waliochukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza walirithi mgawanyo huo na kuunyoosha kuwa kanda tatu, ambazo wenyeji walizijua kwa majina ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kati ya Uhindini na Uswahilini uliachwa uwanja mtupu, Mnazi Mmoja.

Uswahilini ilikua juu ya ardhi iliyokuwa kambi ya wapagazi wa jeshi la Uingereza, nayo ndiyo Kariakoo. Katikati yake palikuwa na jengo lililoachwa na Wajerumani, na mwaka 1923 likageuzwa kuwa soko. Tangu hapo utawala ulikuwa na mtazamo rahisi kuhusu biashara ya Mwafrika mjini: mahali pake ni sokoni, chini ya paa, anapolipa ushuru wa meza kila siku. Anayetembeza samaki, maji, kahawa au matunda mitaani alihesabiwa mchuuzi, akatakiwa kuwa na leseni ya aina yake, mbali na leseni ya duka.

Tofauti ya leseni hizo mbili ndiyo mzizi wa yote yaliyofuata. Leseni ya duka iliambatana na jengo, lenye kiwanja na namba. Leseni ya mchuuzi iliambatana na miguu yake. Alitakiwa atembee, akisimama mahali pamoja kwa muda anakuwa ameziba njia, na polisi ana haki ya kumwondoa. Sheria ilimtambua mchuuzi kwa sharti kwamba asitulie.

Hata hivyo watu walitulia, tena kwa utaratibu ambao haukuandikwa popote. Maduka ya Uhindini yalijengwa na baraza mbele, kivuli kilichokinga wateja na jua na mvua. Barazani hapo alikaa fundi cherehani wa Kiafrika na mashine yake ya kukanyaga. Mteja alinunua kitambaa ndani kwa Mhindi, akatoka hatua mbili, akapimwa kanzu au gauni nje. Mwenye duka aliuza zaidi, fundi alipata mahali bila pango kubwa, na mteja hakuhangaika. Nafasi ya mbele ya duka iligawanywa kwa maelewano ya watu wawili, na mji haukuwa na neno. Mtindo huo wa makubaliano ya mdomo kati ya mwenye duka na anayekaa mlangoni kwake haujafa hadi leo.

Kilichobadilika ni idadi ya watu. Baada ya Vita Kuu ya Pili vijana kutoka mikoani walimiminika mjini, na serikali ikaingiwa na hofu. Sheria ya mwaka 1944 iliipa mamlaka nguvu ya kuwarudisha makwao watu iliowaona hawatakiwi mjini. Mtu asiye na ajira inayoeleweka alikamatwa katika misako, akapakiwa kwenye gari moshi au lori. Mchuuzi mdogo alijikuta katika kundi hilo kila alipokosa karatasi. Hapo leseni ikapata kazi ya pili iliyozidi ile ya kodi: ilikuwa hoja ya kubaki mjini.

Mwaka wa sheria, mwaka wa kufutwa

Dar es Salaam ilifanywa manispaa mwaka 1949 na jiji mwaka 1961. Kwa sensa ya 1957 ilikuwa na watu 128,742. Ile ya 1967 ikakuta 272,821. Uhuru uliondoa mipaka ya rangi, lakini fikra ya kwamba mji ni wa wenye kazi ilibaki. Viongozi wa taifa jipya waliamini maendeleo yako shambani, na kijana anayezunguka na sahani ya karanga Independence Avenue walimwona kama nguvu iliyopotea. Misako ya kuwarudisha watu vijijini ikaendelea chini ya bendera nyingine.

Mwaka 1972 yalitokea mambo mawili ambayo mara chache hutajwa pamoja. Bunge lilipitisha Sheria ya Leseni za Biashara, Namba 25, ambayo ndiyo msingi wa leseni Tanzania Bara hadi sasa. Mwaka huohuo mpango wa Madaraka Mikoani ulianza kufuta serikali za mitaa, na baadaye baraza la jiji nalo likaondoka. Nchi ilipata sheria ya kitaifa ya leseni katika kipindi ambacho hapakuwa na chombo kilichochaguliwa na wakazi cha kuamua njia ipi ibaki wazi na ipi iruhusiwe meza. Jiji lilirudishiwa mamlaka yake mwaka 1978, baada ya taka, mashimo na magonjwa kuonyesha kwamba mkoa hauwezi kuendesha mji. Sheria ya Serikali za Mitaa ya Mamlaka za Miji ikafuata mwaka 1982, pamoja na sheria ya fedha za serikali za mitaa, na halmashauri zikapata tena nguvu za kutunga sheria ndogo za masoko, usafi na biashara.

Jambo jingine la 1972 lilitokea kwa jirani. Ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani uliotumwa kuchunguza ajira nchini Kenya ulitoa ripoti iliyosema kwamba watu waliokuwa wakifukuzwa na askari wa jiji Nairobi walikuwa wakizalisha na kujiajiri, na ukashauri wasibughudhiwe tena, na masharti ya leseni yalegezwe. Ripoti hiyo ilisomwa duniani kote. Dar es Salaam ilikuwa imeelekea kwingine.

Jibu la Dar es Salaam lilikuwa jengo. Msanifu Beda Amuli alichora soko jipya la Kariakoo, lenye paa la zege linalosimama kama kundi la miavuli, na Mwalimu Nyerere akalifungua Desemba 1975. Lilikuwa miongoni mwa majengo ya fahari ya Afrika huru, na shirika la umma liliundwa kulisimamia. Ila soko, hata liwe zuri namna gani, lina idadi ya vizimba vyake, na nje ya kuta zake mji ulikuwa unaongezeka. Sensa ya 1978 ilihesabu watu 843,090, zaidi ya mara tatu ya waliokuwapo miaka 11 nyuma. Waliokosa kizimba ndani walijipanga nje, kwenye kivuli cha soko lenyewe.

Nguvu Kazi

Miaka iliyofuata ilikuwa ya shida. Vita vya Kagera, bei ya mafuta na kudorora kwa viwanda viliacha maduka ya serikali yakiwa na rafu tupu. Sukari, sabuni na vitenge viliuzwa kwa mlango wa nyuma. Mishahara ya serikalini haikutosha wiki mbili, na mke wa karani alianza kukaanga maandazi na kuyauza kituo cha basi. Aliyekuwa na cheo ofisini alifuga kuku uani. Biashara ya barabarani haikuwa tena ya kijana aliyetoka kijijini peke yake.

Waziri Mkuu Edward Sokoine alianza vita dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi Machi 1983. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha Sheria ya Nguvu Kazi, iliyomtaka kila mwenye uwezo awe na kazi halali na kuzipa mamlaka za mitaa jukumu la kuwaandikisha wakazi. Msako ulipoanza, watu walisimamishwa mitaani wakaulizwa vitambulisho. Waliokosa maelezo walisombwa kupelekwa vijijini na mashambani. Wengi walirudi mjini baada ya muda mfupi, wengine kwa basi linalofuata.

Sheria hiyo ilizaa jambo ambalo waandishi wake hawakulikusudia. Ikiwa kila mtu lazima athibitishe kazi yake, basi muuza vitumbua, fundi viatu na msusi nao walihitaji cha kuonyesha. Ikatolewa leseni ya biashara ndogo ambayo watu waliiita Nguvu Kazi, kwa jina la sheria iliyowatisha. Kwa miaka 20 hivi karatasi hiyo ilikuwa kinga ya mchuuzi. Mgambo wa Jiji akija, unaitoa mfukoni. Ilimwambia mgambo kwamba huyu si mzururaji. Haikumwambia kama huyu ana haki ya kukaa kwenye kona hii, na kwa hiyo mgambo asiyeridhika na karatasi alikuwa bado na sababu ya pili ya kubeba meza.

Bajeti ya 1984 ililegeza uagizaji kwa watu waliokuwa na fedha zao za kigeni, na mitumba ikaanza kuingia nchini kwa wingi. Chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, Mzee Ruksa, milango ilifunguka zaidi. Mashirika ya umma yalipopunguza wafanyakazi, waliopunguzwa nao wakaingia mitaani. Sasa kulikuwa na bidhaa na wauzaji kwa pamoja, na mikononi mwa vijana waliotoka mikoa ya Kusini, ambao jina lao la machinga lilienea kwa wachuuzi wote, mashati na saa zilitembea toka Kariakoo hadi Posta. Mama ntilie waliweka masufuria karibu na kila jengo linalojengwa. Sensa ya 1988 ikapata watu 1,360,850.

Meza zilizopimwa

Katika historia hii kuna kipindi kimoja ambapo jiji liliuliza swali la mahali. Mwaka 1992 ulianza Mradi wa Dar es Salaam Endelevu, kwa ushirikiano wa jiji na mashirika ya Umoja wa Mataifa. Mradi uliunda vikundi kazi kwa kila tatizo sugu: taka, maji, usafiri, na pia biashara ndogondogo. Maofisa wa jiji walikaa meza moja na wawakilishi wa wachuuzi. Vyama vya wachuuzi viliungana chini ya mwavuli wa VIBINDO, na kwa mara ya kwanza jiji likawa na mtu wa kuzungumza naye badala ya kukimbizana naye.

Kikundi kazi kilitembea mitaani na kuangalia wapi pana upana wa kutosha. Vilibuniwa vibanda na meza za kipimo kimoja, ili mpangilio uonekane na njia ibaki. Maeneo yaliainishwa. Wachuuzi walitakiwa kulipa, kusafisha na kutozidi mstari. Ni kazi ya kuchosha isiyo na shangwe, ya futi kamba na chaki, lakini watafiti wa miji waliokuja baadaye waliitaja Dar es Salaam kuwa mfano wa jiji la Afrika lililojaribu kupanga bila kufukuza.

Mfumo huo haukupata nafasi ya kukomaa. Mwaka 1996 serikali ilivunja Halmashauri ya Jiji kwa kushindwa kazi na kuweka Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Tume ilifufua barabara, ikaondoa milima ya taka, na ikabomoa vibanda vingi vilivyokaa juu ya mitaro na hifadhi za barabara. Wakazi wengi waliisifu. Mwaka 2000 Tume ikaisha na jiji likagawanywa kuwa manispaa tatu, Ilala, Kinondoni na Temeke, juu yao halmashauri ya jiji yenye mamlaka machache. Ramani za maeneo ya wachuuzi zilirithiwa na ofisi tatu zenye maofisa wapya na vipaumbele vipya. Kibanda kilichokubalika chini ya mpango wa zamani kilikuwa kibanda tu machoni pa mkurugenzi mpya.

Kufuta kero, kufuta kinga

Mwaka 2003 serikali ya Rais Benjamin Mkapa ilifuta kodi na ushuru mwingi ulioitwa wa kero. Kodi ya maendeleo, ile ya kichwa, iliondoka. Leseni za biashara zilirahisishwa, na biashara yenye mauzo madogo, chini ya shilingi milioni 20 kwa mwaka, ikasamehewa leseni kabisa. Nguvu Kazi nayo ikafa. Mwaka uliofuata ulianzishwa mpango wa MKURABITA, ulioahidi kurasimisha rasilimali na biashara za wanyonge.

Nani angelalamika kwa kufutiwa ada? Lakini mchuuzi aliyesamehewa leseni alipoteza karatasi pekee iliyomtambulisha kwa mgambo. Alikuwa amelipa kidogo ili atambulike. Sasa halipi na hatambuliki. Mfumo mpya ulimfikiria mfanyabiashara mwenye anwani, anayeweza kusajiliwa mahali alipo. Asiye na anwani aliachwa katika kundi ambalo sheria haikulikataza waziwazi wala haikulilinda.

Pengo hilo lilionekana mwaka 2006. Kwa agizo la Waziri Mkuu Edward Lowassa, miji iliamriwa kuwaondoa wachuuzi barabarani na kuwapeleka maeneo yaliyotengwa. Baada ya kusogezwa mbele kwa miezi, bomoabomoa ilifanyika. Dar es Salaam baadhi walielekezwa masoko ya pembeni kama Kigogo Sambusa. Malalamiko yao yalikuwa yaleyale ambayo yangesikika tena miaka 15 baadaye: maeneo hayatoshi, vyoo hakuna, wateja hawafiki. Muuza matunda huishi kwa watu wanaoshuka daladala. Ukimpeleka pasiposhukwa na mtu umemwachisha kazi bila kusema hivyo.

Serikali ilijibu tena kwa jengo. Katika eneo la Karume, Ilala, ilijengwa Machinga Complex kwa mkopo wa mfuko wa pensheni wa NSSF. Yalikuwa majengo ya ghorofa yenye maelfu ya vizimba, na miaka mingi baada ya kukamilika sehemu kubwa ilikaa tupu huku riba ya mkopo ikipanda. Mjenzi alihesabu vichwa vya wauzaji. Hakuhesabu njia za wanunuzi.

Kitambulisho cha shilingi 20,000

Desemba 2016, wachuuzi wa Mwanza walipokuwa wanaondolewa katikati ya jiji, Rais John Magufuli aliagiza kwamba machinga wasibughudhiwe hadi watengewe maeneo yanayofaa na wenyewe washirikishwe. Lilikuwa tamko la mdomo, lakini nguvu yake ilizidi sheria ndogo zote za halmashauri. Mgambo wakarudi nyuma. Mitaa ikajaa.

Miaka miwili baadaye, Desemba 2018, Rais aliwakabidhi wakuu wa mikoa vitambulisho 670,000 vya wajasiriamali wadogo. Kila kimoja kiliuzwa shilingi 20,000 kwa mwaka, na kilimhusu mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni nne. Mwenye nacho hakutakiwa kutozwa ushuru mwingine wa biashara hiyo. Kwa mama aliyekuwa anatoa shilingi mia kadhaa kila asubuhi kwa mtoza ushuru, na zaidi kwa mgambo asiyetoa stakabadhi, hesabu ilikuwa nzuri.

Vitambulisho hivyo vilipita kwa wakuu wa mikoa na wilaya. Halmashauri, ambayo ndiyo yenye kufagia mtaa na kuzoa taka jioni, iliukosa ushuru na ikakosa pia neno la kusema kuhusu nani akae wapi. Toleo la kwanza halikuwa hata na jina wala picha ya mwenye kadi. Kadi ilimruhusu yeyote, mahali popote, maana haikutaja mahali.

Matokeo yalifuata. Kariakoo na Posta, Mwenge, Mbagala na Ubungo, meza zilitoka ukingoni mwa njia zikaingia njiani, kisha barabarani. Milango ya maduka ilizibwa. Wenye maduka walilalamika kwamba wanalipa kodi kwa ajili ya kufichwa nyuma ya mapazia ya nguo za mitumba. Ila baadhi yao walipata njia yao. Mwenye duka alimpa machinga mzigo autandike nje. Bidhaa iliyouzwa ndani ilidaiwa stakabadhi ya mashine ya kodi, na ileile ikiuzwa nje ilikuwa ya mjasiriamali mdogo mwenye kitambulisho. Maelewano ya zamani ya baraza yalirudi, safari hii yakiwa na kazi mpya ya kukwepa kodi. Ilikuwa vigumu kujua turubai lipi ni la maskini anayejitafutia na lipi ni tawi la duka lililo nyuma yake.

Oktoba 2021

Februari 2021 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa na Ilala ikapandishwa hadhi kuwa jiji. Julai, moto uliunguza soko kuu la Kariakoo, lile la Amuli. Septemba, Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza wachuuzi wapangwe upya, kwa utaratibu na bila vurugu. Mkuu wa Mkoa, Amos Makalla, aliweka tarehe, akaisogeza, na mwisho ukawa tarehe 30 Oktoba. Kisha mabanda yakang'olewa. Baada ya wiki chache watu walitembea kwenye njia ambazo hawakuwa wameona sakafu yake kwa miaka, na picha za mitaa mitupu zilisambazwa kwa furaha.

Kwa waliobomolewa, hesabu ilikuwa nyingine. Aliyekopa kwa ajili ya mtaji aliendelea kudaiwa. Maeneo mapya yalikuwa ya aina mbili: ya karibu yaliyojaa kabla ya wote kupata, na ya mbali yasiyo na wateja. Januari 2022 soko la Karume, jirani ya Machinga Complex, liliteketea na mali za maelfu ya wafanyabiashara. Na taratibu, jioni kwanza, halafu mchana, turubai zilianza kurudi Mtaa wa Kongo.

Serikali haikukaa kimya. Kundi la machinga lilikabidhiwa wizara inayoshughulikia makundi maalumu, iliyoundwa mwaka 2022. Dodoma lilijengwa soko la wazi la machinga, na uamuzi wa kulijenga chini badala ya ghorofani ulionyesha kuwa somo la Machinga Complex limeeleweka. Ukaletwa usajili wa kidijitali na vitambulisho vipya vyenye taarifa za mtu, kwa bei ileile ya shilingi 20,000. Ni maendeleo makubwa kuliko kadi isiyo na jina. Lakini swali linalojibiwa ni lilelile: huyu ni nani?

Wenye maduka nao hawakuridhika. Mei 2023 walifunga milango Kariakoo kupinga usumbufu wa kodi, hadi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akakutana nao Mnazi Mmoja, uwanja uleule ulioachwa wazi zamani kuwatenganisha Wahindi na Waswahili. Julai 2025 serikali ilitumia Sheria ya Leseni za Biashara, ile ya 1972, kuwapiga marufuku wageni katika aina 15 za biashara ndogo, pamoja na rejareja. Wafanyabiashara wengi wa Kariakoo walishangilia. Kwa mara nyingine leseni ilitumika kumchagua mtu, na njia ya mbele ya duka ikabaki bila kanuni mpya.

Kibali kinachombana mtoaji

Kwa nini tawala zilizotofautiana kwa itikadi, kuanzia gavana wa Kiingereza hadi serikali ya kijamaa na ya soko huria, zilikubaliana katika hili? Sababu iko katika tabia ya karatasi yenyewe. Kibali cha mtu humbana anayepewa: lazima awe nacho, alipie, akionyeshe. Kibali cha mahali kingembana pia anayekitoa. Halmashauri ikiandika kwamba namba 14, upande wa mashariki wa mtaa fulani, ni meza ya mita moja na nusu, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu usiku, na njia ya mita mbili iachwe kwa wapitao, basi haiwezi kuja na tingatinga bila notisi. Italazimika kumwambia mwenye duka kiasi gani anaweza kutoa nje na kiasi gani hawezi. Italazimika kukubali kwamba nafasi zina mwisho, na kuwaambia wengine hapana, kwa orodha inayoonekana. Tamko la jukwaani halitakuwa na nafasi katika mpango kama huo, na ndiyo maana waliowahi kuwa na madaraka ya kutoa matamko hawakuuharakisha.

Miaka ya 1990 ilithibitisha kwamba kazi hiyo inawezekana kwa watu walewale na mitaa ileile. Ilianguka kwa sababu haikuandikwa mahali ambapo tume mpya, manispaa mpya au mkuu wa mkoa mpya asingeweza kuipuuza. Sensa ya 2022 imehesabu watu 5,383,728 Dar es Salaam, na hakuna soko la ghorofa litakalowaweka ndani wote wanaouza. Anayetaka kumaliza ugomvi wa Mtaa wa Kongo aanze kwa kupima njia, aandike vipimo hivyo katika sheria ndogo, kisha akubali kwamba sheria hiyo itamhukumu na yeye.